Mama wa Kaini

Habari ya uuaji inapoingia kijijini, watu huuliza maswali mawili. Kwanza: Ameuawa nani? Kisha: Ameua nani? Majibu yakipatikana, mmoja huchimbiwa kaburi, mwingine hutiwa pingu, na wengi hudhani kwamba habari imekwisha. Lakini liko swali la tatu, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: Huyo aliyeua ni mtoto wa nani? Jibu la swali hilo likijulikana, iko nyumba moja ambayo tangu saa ile haipigiwi hodi tena.

Wasomaji wapenzi, juma hili twapenda kusema nanyi juu ya nyumba hiyo. Twajua kwamba neno hili ni zito, na kwamba wako miongoni mwenu waliopotewa na mzazi, mume au mtoto kwa mkono wa mtu katili. Kwao twasema mbele ya yote: hatuji kupunguza msiba wenu, wala hatuji kumtetea aliyewatenda. Aliyemwaga damu na ajibu mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Wa kwanza kutembelewa na wa kwanza kusaidiwa ni ninyi. Lakini Kanisa ni mama, na mama mwenye watoto wawili wanaolia hawezi kuziba sikio moja.

Katika nyumba ya marehemu watu hujaa. Wanaume huketi nje penye moto, wanawake hulala ndani, majirani huleta unga, kuni na sukari, na jioni katekista huongoza Rozari. Nyumba ya yule aliyekamatwa hufungwa mlango mchana. Ndani yake yumo mama ambaye jana alikuwa na mwana, na leo hajui kama anaye. Yumo mke asiyejua atawaambia nini watoto. Yumo baba aliyekuwa mzee wa kanisa, naye Jumapili ijayo hajui ataketi benchi gani. Wao nao wamefiwa, lakini kilio chao hakina matanga. Wakilia, watu husema: Wanamlilia muuaji. Wakinyamaza, watu husema: Tazama, hawana hata haya.

EVA ALIPOTEZA WAWILI

Jamaa hao si wapya duniani. Nyumba ya kwanza kabisa ya wanadamu ilikuwa nyumba ya namna hii. Tumezoea kumkumbuka Eva kuwa mama wa Abeli aliyeuawa. Mara chache tunakumbuka kwamba saa ile ile alikuwa pia mama wa Kaini aliyeua. Mwana mmoja alilala shambani katika damu yake. Wa pili alikwenda zake mbali, mashariki mwa Edeni, wala Maandiko Matakatifu hayasemi kwamba mama yake alimwona tena. Mama mmoja, wana wawili, na wote wawili wamepotea. Nani angekuja kumpa pole? Na pole hiyo ingekuwa ya mwana yupi?

Tazameni jinsi Mungu alivyotenda. Alimhukumu Kaini pasipo kumwonea haya: alimwuliza alipo ndugu yake, akamwonyesha damu, akamfukuza katika nchi ile. Hakuuita uovu kwa jina jema. Lakini Kaini alipoogopa kwamba kila amwonaye atamwua, Mungu alimtia alama ili mtu asimguse. Hivyo mnyororo wa kisasi ulikatwa palepale ulipoanza. Tena hatusomi mahali popote kwamba Mungu alimwita Adamu au Eva akawadai damu ya Abeli. Aliyeulizwa ni Kaini peke yake.

Mwishoni mwa sura hiyo, sura ya nne ya kitabu cha Mwanzo, liko neno dogo ambalo wengi hulipita. Eva anapomzaa Seti, anataja kwamba Mungu amempa mwana badala ya Abeli, na papo hapo anamtaja Kaini kuwa ndiye aliyemwua. Majina yote mawili yamo kinywani mwake. Hakumfuta Abeli ili amlinde Kaini, wala hakujifanya kwamba hakumzaa Kaini. Mama huyo alisema kweli yote, akaendelea kuishi na kulea. Kila jamaa iliyopatwa na msiba huu ina la kujifunza hapo.

KOSA NI LA NANI?

Wazee wetu walisema: Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii ni kweli inapoeleza mambo yalivyo, kwa maana dhambi ya mtu mmoja huwaumiza wote wa nyumbani mwake. Lakini haiwi kweli tunapoigeuza kuwa hukumu, kana kwamba wa kwao walikwenda kulichuma janga hilo pamoja naye. Tena iko nyingine iliyo kali zaidi: Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hiyo yawafaa samaki walio katika tenga moja. Mwanadamu si samaki. Kila mmoja amepewa roho yake, akili yake na hiari yake, na kila mmoja atasimama mbele ya Hakimu kwa ajili ya matendo yake mwenyewe.

Wayahudi waliohamishwa Babeli walikuwa na methali iliyofanana na hizi zetu: walisema juu ya baba waliokula zabibu mbichi, na ganzi ikawashika watoto meno. Mungu, kwa kinywa cha nabii Ezekieli, aliikataza isisemwe tena katika Israeli. Sura yote ya 18 ya kitabu chake ni mafundisho hayo: baba habebi uovu wa mwana, wala mwana habebi uovu wa baba. Na katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 14, tunasoma habari za Amazia, mfalme wa Yuda. Baba yake aliuawa na watumishi wake mwenyewe. Amazia alipopata nguvu aliwaadhibu wauaji, lakini watoto wao hakuwagusa, kwa sababu Torati ya Musa ilikataza. Fikirini: huyo alikuwa mfalme wa zamani za upanga, tena mwana wa aliyeuawa, naye aliwaacha watoto wa wauaji wa baba yake. Je, sisi tuliobatizwa, ambao hatukuuliwa baba, tutawatupia mawe?

Bwana wetu Yesu Kristu naye aliulizwa swali hilo. Wanafunzi walimwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, wakataka kujua kama dhambi ni yake au ya wazazi wake. Hawakuwa na njia ya tatu. Lazima pawe na wa kulaumiwa. Bwana alizikataa njia zote mbili, kisha akainama, akafanya tope, akamponya yule mtu. Sisi hupenda kusimama penye swali. Yeye alikwenda penye jeraha.

Lakini mtu atasema: Padre, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi wangalimlea vema, hangaliua. Neno hili halifai kudharauliwa. Malezi ni wajibu mzito, na wako wazazi ambao kwa ulevi, kwa kupiga pasipo kiasi na kwa matusi ya kila siku wamewafundisha watoto wao ukatili kabla hawajawafundisha ishara ya Msalaba. Hao watajibu kwa hayo. Hata hivyo malezi si kinu cha kusagia, kwamba ukitia mahindi hapa utapata unga pale. Kaini na Abeli walikula katika jiko moja.

Kumbukeni siku ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015. Watu wenye silaha wa kundi la al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi Wakristo. Ilipojulikana majina ya wauaji, mmoja wao alikuwa kijana aliyesoma sheria katika chuo kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu mmoja wa serikali kaskazini mwa nchi. Na baba yake alikuwa amekwisha kutoa habari kwa wakubwa kwamba mwanawe ametoweka, na kwamba anaogopa amevuka mpaka kwenda Somalia. Baba huyo alimsomesha mwanawe, alipopotea, alimtafuta, alipoogopa mabaya, alisema. Ni kitu gani tena tungemtaka afanye?

Wako na wazazi ambao hawakuona lolote. Tarehe 20 Aprili 1999, vijana wawili katika shule ya sekondari ya Columbine, jimbo la Colorado, Marekani, waliwaua wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Mama wa mmoja wao, Sue Klebold, baadaye alieleza habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 2016. Alikuwa mama mwenye kuangalia nyumba yake, naye alidhani anamjua mwanawe. Baada ya kifo chake zilipatikana karatasi ambazo kijana aliandika habari za kutaka kufa, na mama hakuwa na habari. Kwa miezi kadhaa alishikilia tumaini kwamba mwanawe alidanganywa au alilazimishwa, hata wapelelezi walipomwonyesha ushahidi. Siku hiyo, asema, ndipo alipompoteza mara ya pili. Hata hivyo aliwaandikia barua jamaa za waliouawa, na tangu hapo ametumia miaka yake kuwaonya wazazi wengine waziangalie dalili za mtoto anayekata tamaa ya kuishi.

Basi mzazi anayejitesa usiku akijiuliza, Nilikosa wapi? na asikie neno hili. Mtu aingiapo katika kiti cha maungamo humwambia padre dhambi zake mwenyewe. Hawezi kuungama dhambi za mume wake, wala za mwanawe. Padre atamrudisha kwenye zake. Utaratibu huo una huruma kubwa ndani yake. Kama ulimlea mwanao vibaya, ungama malezi hayo, nawe utaondolewa. Kama uliona hatari ukanyamaza, ungama kunyamaza kwako. Lakini uuaji alioutenda yeye huwezi kuuungama, kwa sababu si wako. Na usichoweza kuungama, usikibebe kana kwamba ni chako. Huzuni ni yako, aibu imekupata, wajibu fulani umekuangukia. Hatia si yako.

KULIA PASIPO KUONGOPA

Jamaa ya mkosaji huvutwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kumkana: kulifuta jina lake, kuchoma picha zake, kuwaambia watoto kwamba amesafiri. Cha pili ni kumtetea: kusema kwamba amesingiziwa hata ushahidi unapokuwa wazi, kumlaumu marehemu kwamba ndiye aliyechokoza, kutafuta fedha za kununua mashahidi. Cha kwanza ni dhambi juu ya upendo, cha pili ni dhambi juu ya kweli, na vyote viwili huacha jeraha lisipone.

Mfalme Daudi ametufundisha jambo hili kwa machozi yake. Absalomu mwanawe alimwua ndugu yake, kisha akaasi, akainua vita juu ya baba yake. Siku ya vita ile walianguka watu 20,000, na Absalomu mwenyewe akauawa. Daudi alipanda chumba cha juu ya lango, akamlilia mwanawe hata akatamani angalikufa yeye badala yake. Je, alikosa kulia? La. Mwana ni mwana. Lakini Yoabu, jemadari wake, alimwendea akamwambia maneno makali: askari waliohatarisha maisha yao wanaingia mjini kwa kunyata kama watu walioshindwa, kwa sababu mfalme analia kana kwamba wao si kitu. Ndipo Daudi alipoondoka, akashuka, akaketi langoni, mahali ambapo watu wote waliweza kumwona.

Tunaona hapo mahali pawili. Kuna chumba cha juu, na kuna lango. Katika chumba cha juu mlilie mtu wenu kadiri moyo unavyotaka: alikuwa mtoto mchanga kabla hajawa muuaji, nanyi mna haki ya kumkumbuka akicheka. Langoni, mbele ya watu, wakumbukeni waliouawa. Msifanye maombolezo yenu yawe matusi kwa nyumba nyingine. Yatakapofaa, mtumeni mzee mwenye busara, au katekista, au padre, apeleke neno la masikitiko yenu kwa wafiwa. Msidai msamaha, wala msiuhesabie siku. Msamaha ni zawadi, na zawadi haidaiwi kama mkopo.

Na huyo aliye gerezani, mtembeleeni. Bwana wetu alipotaja matendo ya huruma ambayo kwayo tutahukumiwa, hakusema, Nilikuwa gerezani bila kosa. Kumtembelea si kuukubali uovu wake. Mpelekeeni sabuni, mwambieni kweli, mwombeeni toba. Aliyekimbia asifichwe, apelekwe polisi na watu wa nyumbani mwake, kwani hakuna njia ya toba inayopita nyuma ya haki.

JIRANI AFANYE NINI?

Zamani katika makabila mengi ya nchi zetu, mtu akiua, ukoo wake wote ulichanga fidia ya damu. Kwa Wamasai fidia ya mwanamume aliyeuawa ilihesabiwa ng'ombe 49. Kwa Wasomali, ngamia 100. Hatusemi desturi hiyo ilikuwa kamili, kwa maana uhai haupimwi kwa mifugo. Lakini ilikuwa na hekima mbili: ilizuia damu ya pili isimwagike, na tena haikuacha nyumba moja ibebe mzigo peke yake. Leo sheria ya nchi humhukumu aliyetenda, na ndivyo ipasavyo. Ila sisi tumefanya jambo la ajabu: tumeacha kuchanga, tumeshika kulaumu. Tumesikia mara nyingi, hapa kwetu na kwa jirani zetu, habari za nyumba kuchomwa moto, migomba kufyekwa, na wazee kufukuzwa na vitu vyao kichwani, kwa sababu tu kijana wao ameua. Mwenye kuchoma nyumba hiyo asijidanganye kwamba ametenda haki. Ameongeza dhambi ya pili juu ya ile ya kwanza, na safari hii mkosaji ni yeye.

Hebu tuangalie watu waliotenda kinyume cha hayo. Tarehe 2 Oktoba 2006, huko Nickel Mines, Pennsylvania, mtu mmoja aliingia katika shule ndogo ya Waamishi, Wakristo wakulima waishio kwa desturi za kale wasioendesha magari. Aliwapiga risasi wasichana 10, watano wakafa, naye akajiua. Siku ile ile, kabla waliouawa hawajazikwa, Waamishi walikwenda kwa mjane wa muuaji na kwa wazazi wake kuwapa pole. Muuaji alipozikwa, Waamishi wengi walihudhuria, na miongoni mwao wazazi waliokuwa wamezika binti zao siku chache mbele. Misaada ilipomiminika kutoka kila upande, sehemu yake walimpa mjane yule na watoto wake.

Mwaonaje yaliyotokea baadaye? Mama wa muuaji, Terri Roberts, hakujificha. Mmoja wa wasichana wale alibaki hai lakini ameumia vibaya, hakuweza kusema wala kutembea. Kwa miaka mingi mama huyo alikwenda kila juma kumtunza: alimwogesha, alimsomea vitabu, alimwimbia nyimbo. Aliendelea hivyo hata ugonjwa wake mwenyewe ulipomlemea, akafariki mwaka 2017. Mkono wa mwana ulijeruhi. Mkono wa mama uliosha. Tendo kama hilo halingewezekana kama mlango wake haungepigwa hodi siku ile ya kwanza.

Watoto ndio wanaohitaji ulinzi zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, magereza ya Rwanda yalijazwa watuhumiwa zaidi ya 100,000, na kwa miaka mingi wake na watoto walibeba chakula kuwapelekea. Wako watoto waliokua wakibeba chakula hicho, na pamoja nacho jina ambalo hawakulichagua. Nasi tunao watoto wa namna hiyo katika shule zetu, ingawa si wengi kama wale. Wazazi, angalieni mnayoyasema mezani jioni, kwa maana kesho yatasemwa uwanjani. Mtoto aitwaye kila siku mtoto wa muuaji hupoteza kwanza rafiki, kisha shule, kisha tumaini, na siku moja huenda akaamua kuwa vile anavyoitwa. Walimu, mkisikia jina hilo darasani, likomesheni siku hiyo hiyo.

Basi twasema wazi yanayotupasa. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, zikiisha kwenda kwa wafiwa, ziende na kwa nyumba ya pili, hata kama ni watu watatu tu na sala fupi. Mwenye duka amwuzie mama huyo chumvi kwa salamu ile ile ya jana. Kwaya isimtoe binti yao. Wanawake waliokuwa wakiketi naye kanisani waendelee kuketi naye, bila maswali na bila mafumbo. Kama hujui la kusema, sema, Pole mama, kisha nyamaza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hatutajua uzito wake mpaka tutakapotia bega.

NA ALIYEUA AKAFA?

Mara nyingine padre hujiwa na mama usiku, naye huuliza kwa kunong'ona: Mwanangu aliua, kisha akajiua. Je, naruhusiwa kumwombea Misa? Jibu ni ndiyo. Sheria ya Kanisa humpa padre ruhusa ya kutoa Misa kwa nia ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua, kwa sababu Mungu anazo njia azijuazo mwenyewe za kuwapa nafasi ya kutubu. Hatumtangazi mtu kuwa mwema. Twamkabidhi kwa yule tu awezaye kumhukumu. Basi mama, usije usiku tena, njoo mchana.

Wala tusidhani kwamba moyo wa muuaji ni jiwe lisilopasuka. Tarehe 5 Julai 1902, katika kijiji cha Le Ferriere, Italia, kijana Alessandro Serenelli alimchoma kisu msichana wa miaka 11, Maria Goretti. Jamaa hizo mbili ziliishi katika nyumba moja. Maria alikufa kesho yake, akiisha kumsamehe. Alessandro alifungwa miaka 27, na miaka ya kwanza hakutaka hata kusikia neno la toba. Lakini neema ilimpata gerezani. Alipotoka alikwenda kupiga magoti mbele ya Assunta, mama wa Maria. Naye Assunta aliona kwamba, ikiwa binti yake alisamehe, yeye hawezi kukataa. Siku ya Noeli walikwenda kanisani pamoja, wakapokea Komunyo Takatifu pamoja. Tarehe 24 Juni 1950 Papa Pius XII alimtangaza Maria kuwa mtakatifu, na mama yake akiwa hai kuona siku hiyo. Alessandro alimaliza maisha yake kwa Wakapuchini akifanya kazi za bustani, akafa mwaka 1970.

Ndugu wapenzi, mlimani Kalvari palikuwa na misalaba mitatu. Injili yatuambia kwamba chini ya msalaba wa katikati alisimama Mama. Mama za wale wahalifu wawili hawatajwi. Labda walikuwa wamekwisha kufa. Labda walisimama mbali, nyuma ya watu, wamejifunika nyuso, wakiogopa mtu asije akasema: Yule ndiye aliyemzaa. Lakini mmoja wa wana wao, siku ile ile, aliahidiwa mbingu na Yesu mwenyewe.

Kila tusalipo Salamu Malkia tunajitaja kuwa watoto wa Eva. Tukumbuke Eva huyo ni nani. Ni mama wa aliyeuawa, na ni mama wa aliyeua, nasi sote tumetoka nyumbani kwake. Jumapili hii mtakapotoka kanisani, huenda mkamwona mama mmoja anaondoka upesi kabla ya wimbo wa mwisho, ili asikutane na macho ya watu. Msimwache aende peke yake. Mfuateni njiani, mchukulieni mfuko wake, mfikisheni kwake, na mpige hodi.

Tumsifu Yesu Kristu.